Nani anamiliki maji yanayopita chini ya reli?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo kwenye kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru. Yalizoa nyumba, magari, miti na watu waliokuwa usingizini. Zaidi ya watu 40 walikufa. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka, na Bwawa la Old Kijabe likatajwa kwa jina. Baadaye serikali ya Kenya ikafafanua kwamba bwawa hilo halikuhusika. Kilichokuwepo ni tuta la reli ya zamani, na chini ya tuta hilo njia ya kupitisha mto. Njia iliziba kwa magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakapata nguvu ya kupasua.

Hapakuwa na treni. Hakuna behewa lililopinduka wala dereva wa kuhojiwa. Hata hivyo kilichoua ni kazi ya reli: ukuta wa udongo uliokatiza bonde, na tundu moja chini yake ambalo mtu fulani alipaswa kulizibua. Mtu gani? Shirika la reli, kwa kuwa tuta ni lake? Mamlaka ya maji, kwa kuwa mto uko chini yake? Au serikali ya kaunti, kwa kuwa waliolala bondeni ni wakazi wake?

Tukizungumzia usalama wa reli, mawazo huenda kwa dereva, breki na ishara. Tukizungumzia tabianchi, tunatazama mawingu. Lakini ukifuatilia ajali na mikatiko ya reli iliyoletwa na mvua, mara nyingi unafika mahali pengine kabisa, kwenye mpaka kati ya taasisi mbili ambazo kila moja inaamini zamu ni ya mwenzake.

Mto ulikuwapo kabla ya reli

Kwa Tanzania, mahali pa kulielewa jambo hili ni kipande cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe.

Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, jumla ya kilomita zipatazo 1,250 za geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya mita moja. Baada ya Kilosa, wajenzi walikutana na milima inayotenganisha nyanda za chini za mashariki na uwanda wa juu wa Dodoma. Kutoboa mahandaki ni ghali, na treni haipandi mlima kama gari. Wakaufuata mto. Mkondoa ulikuwa umeshachonga njia yake katikati ya milima hiyo, tena kwa mteremko ambao treni inaumudu. Reli ikalazwa kando ya maji, kupitia Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode hadi Gulwe.

Kwa mfuko wa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara. Tatizo ni kwamba mto wa aina hii hautulii. Mkondoa, pamoja na Kinyasungwe unaoulisha, hupokea mchanga mwingi kutoka kwenye makorongo ya Mpwapwa na Kongwa. Mchanga ukijaa, sakafu ya mto hupanda. Mto uliopoteza kina hutafuta upana, na katika bonde jembamba upana unapatikana upande ambao hauna mwamba, yaani upande uliowekwa reli.

Mvua za El Niño za 1997/98 ziliiumiza njia hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibomoa tuta la kuuzuia Mkondoa pale mjini Kilosa, yakawaacha maelfu ya watu bila makazi, na yakaizoa reli kuelekea Gulwe. Treni za abiria zilisimama kwa miezi. Mwaka 2020 njia ilikatika tena. Kila inapokatika, anayeumia si mtu wa Kilosa peke yake. Mzigo wa Mwanza unakwama, wa Kigoma unakwama, na ule unaopaswa kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura na Kalemie unabaki ukihesabiwa siku bandarini. Wenye uwezo huhamishia mzigo wao kwenye malori, na nauli ya lori mwezi huo haina huruma.

Fedha na wataalamu walikuja. Shirika la maendeleo la Japan, JICA, lilifanya utafiti wa namna ya kuikinga reli na mafuriko katika kipande hicho. Benki ya Dunia ikaidhinisha mwaka 2014 mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi uliojumuisha kukarabati njia kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita zipatazo 970. Madaraja yakaimarishwa, mataruma (mihimili ya kulalia reli) na reli chakavu vikabadilishwa. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini mchanga unaoshuka kutoka Mpwapwa hausomi mkataba wa mkopo.

Kalavati linavyozeeka

Ili kuona kwa nini ukarabati hautoshi, inabidi tuchuchumae kidogo tuangalie kalavati moja.

Kalavati ni bomba au sanduku la zege lililolazwa chini ya tuta ili maji yavuke. Ukubwa wake hutoka kwenye hesabu: eneo linalokusanya maji lina upana gani, mvua kubwa inayotarajiwa ni ipi, udongo wa huko unanyonya kiasi gani. Siku linapokabidhiwa, hesabu ni sahihi. Kisha misimu inapita. Mchanga unaacha tabaka sakafuni, mwaka wa pili tabaka jingine. Ukifika katikati ya bomba, nafasi ya maji imebaki nusu, wala abiria hawezi kuona kitu, kwa sababu treni inapita juu na juu kila kitu kiko sawa. Kule mlimani mtu amefyeka shamba jipya. Gogo lililoachwa linashuka na mvua, linakaa mlangoni mwa kalavati, na nyuma yake vinanasa vijiti, mabua, chupa za plastiki.

Ikija mvua kubwa, maji hayapiti tena, yanapanda. Tuta la reli halikujengwa kuwa bwawa. Halina kiini cha udongo wa mfinyanzi wa kuzuia upenyaji, wala mlango wa kumwagia maji yaliyozidi. Maji yanaanza kujipenyeza ndani yake, yakitoka upande wa pili na chembe ndogondogo za udongo, na kitako cha tuta kinalainika. Au yanapita juu kabisa: kokoto zinaondoka kwanza, halafu udongo ulio chini ya kokoto. Asubuhi unakuta pengo la mita kadhaa, na juu ya pengo reli mbili zimening'inia hewani, mataruma yakiwa bado yamefungwa kwake.

Jambo la kutisha liko hapo. Mifumo mingi ya ishara hutuma umeme mdogo kupitia vyuma vya reli. Chuma kikivunjika, umeme unakatika na taa inakuwa nyekundu. Lakini reli iliyoning'inia haijavunjika. Umeme unapita, taa inabaki kijani. Mfumo unaojua hali ya chuma haujui kwamba ardhi imeondoka.

Ndiyo maana tangu zamani reli zilikuwa na watu wa njia, vikosi vilivyokaa kwenye nyumba ndogo kandokando ya reli, kila kimoja na kipande chake. Mvua ikinyesha usiku, mtu alitoka na taa, kwa mguu au kwa kiberenge, kigari kidogo cha kwenye reli, akapita kukagua kabla ya treni. Kazi hiyo haina mvuto. Hakuna waziri anayekata utepe wa kalavati lililozibuliwa. Ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na kwenye bajeti, jambo ambalo halijatokea ni gumu kulitetea.

Mvua ya miaka 100

Kuna msamiati mmoja wa kihandisi unaopotosha watu, wakiwamo wanaopitisha bajeti. Daraja likitajwa kuwa limesanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 100", msikilizaji anadhani likishapigwa mara moja litapumzika karne nzima. Maana halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kupatwa na mafuriko ya ukubwa huo. Mwaka huu asilimia 1, mwakani asilimia 1, hata kama yametokea jana.

Fanya hesabu kidogo. Kwa miaka 30, ambao ni muda wa kawaida wa kulipa mkopo mkubwa, daraja hilo lina uwezekano wa asilimia 26 wa kukutana na mafuriko yanayozidi uwezo wake. Likiwa limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50, uwezekano unafika asilimia 45, karibu sawa na kurusha shilingi. Sasa usiangalie daraja moja, angalia reli. Tuseme kuna makalavati 100 yaliyosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100, yaliyotawanyika mbali kiasi kwamba hayanyeshewi na wingu moja. Uwezekano wa angalau moja kuzidiwa katika mwaka mmoja ni asilimia 63. Reli haina njia ya kuchepuka. Ikikatika mahali pamoja, imekatika yote.

Na hiyo ni hesabu ya hali ya hewa isiyobadilika. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Mvua si lazima ziwe nyingi kwa mwaka mzima. Kinachobadilika zaidi ni namna zinavyoshuka, nyingi kwa saa chache. Kalavati haliharibiwi na jumla ya msimu, linaharibiwa na saa mbili mbaya. Kwa hiyo mafuriko ambayo vitabu vya zamani viliyaita ya miaka 100 yanaweza kuwa ya miaka 50 au 30 leo, na hakuna aliyegusa kalavati.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Tabianchi imekuwa kichaka kizuri cha kujificha. Mtaro haukuzibuliwa kwa miaka sita, mvua ya kawaida ya masika inabomoa tuta, na taarifa kwa vyombo vya habari inasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mabadiliko yapo, na yanaongeza mzigo, lakini kalavati lililojaa mchanga hadi katikati lingeshindwa hata na mvua za enzi za babu zetu. Anayetaka kutenganisha mambo haya mawili aulize swali moja tu: siku ya ajali, tundu lilikuwa wazi kwa kiasi gani?

Carmont

Ajali iliyochunguzwa kwa kina kuliko nyingi za aina hii haikutokea kwetu. Ilitokea Carmont, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, katika nchi tajiri yenye vipimo vya mvua kila mahali.

Tarehe 12 Agosti 2020, kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 3:00 asubuhi, ilinyesha milimita 51.5 za mvua. Treni iliyotoka Aberdeen kwenda Glasgow ilisimamishwa Carmont kwa sababu mbele yake udongo ulikuwa umeporomokea njia. Ikakaa pale zaidi ya saa mbili, kisha ikaamriwa irudi Stonehaven ikiwa na watu 9 ndani. Dereva aliuliza kama inabidi apunguze mwendo. Akajibiwa kuwa aende mwendo wa kawaida. Ilikuwa kwenye kilomita 117 kwa saa, ndani kabisa ya kiwango kilichoruhusiwa, ilipogonga mawe na kokoto zilizosombwa kutoka kwenye mtaro uliokuwa kwenye mteremko juu ya reli. Ikaacha njia. Dereva, kondakta na abiria mmoja walifariki.

Mtaro huo ulijengwa mwaka 2011 na 2012 kwa lengo hasa la kuukinga mteremko huo na maji. Wachunguzi wa ajali za reli wa Uingereza, waliotoa ripoti yao Machi 2022, waligundua kwamba haukujengwa kama michoro ilivyotaka. Juu yake kulikuwa na kituta cha udongo ambacho hakikuwamo kwenye mchoro wowote, na kituta hicho kiliyaelekeza maji ya eneo kubwa kwenye sehemu moja ya mtaro. Sehemu ya juu ya mtaro haikuonekana kuwa imewahi kukaguliwa tangu ujenzi ulipokamilika. Kampuni iliyoujenga, Carillion, ilifilisika Januari 2018. Mmiliki wa njia, Network Rail, alikiri kosa mahakamani na mwaka 2023 akatozwa faini ya pauni milioni 6.7.

Hebu tuangalie mnyororo huo. Mkandarasi alijenga tofauti na mchoro. Mmiliki alipokea kazi bila kulinganisha mchoro na kilichojengwa. Mtaro haukuingia ipasavyo kwenye ratiba ya ukaguzi, na kitu kisicho kwenye ratiba hakina mwenyewe. Asubuhi ya ajali, kwenye chumba cha kuongozea treni ilijulikana kwamba mvua imeangusha udongo mahali pengine kwenye njia hiyohiyo, lakini hakukuwa na kanuni ya kuwalazimisha wapunguze mwendo kwenye kipande ambacho hakijaripotiwa tatizo. Hakuna kiungo hata kimoja katika mnyororo huo kinachohitaji umaskini ili kitokee. Sisi wenye bajeti ndogo tuna kila sababu ya kuogopa zaidi.

Japan walilitatua suala la mwendo zamani kwa njia isiyojali cheo cha mtu yeyote, nayo ndiyo nzuri. Kandokando ya reli wameweka vipimo vya mvua. Mvua ikifika kiwango fulani kwa saa, au jumla fulani tangu ilipoanza, treni zinapunguza mwendo. Ikifika kiwango kingine, zinasimama hadi njia ikaguliwe. Mkubwa hapigiwi simu kuombwa ruhusa, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwa kuchelewesha abiria. Kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, na siku hizi ni nzuri, lakini inatolewa kwa mikoa: Morogoro, Dodoma, Tanga. Anayeongoza treni anahitaji kujua kilichonyesha juu ya korongo moja nyuma ya Godegode saa tatu zilizopita. Kati ya tahadhari ya mkoa na korongo hilo kuna pengo, na mara nyingi linazibwa na busara ya mkuu wa stesheni. Busara yake inapimwa dhidi ya ratiba, dhidi ya mzigo wa mteja, na dhidi ya maneno atakayosikia kama atasimamisha treni na mvua isilete kitu.

Juni haina mvua

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya kisera. Neno "ustahimilivu wa tabianchi" limekuwa na fedha nyuma yake. Wafadhili wanalipenda, maandiko ya miradi yamejaa nalo. Wasiwasi wangu ni kwamba mambo ya kawaida ya usalama, yasiyo na neno tamu, yatabaki nyuma.

Ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli Tanzania haikuletwa na mvua. Tarehe 24 Juni 2002, katikati ya kiangazi, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,000 ilikuwa ikipanda kuelekea Dodoma, eneo la Igandu na Msagali, si mbali na Gulwe hiyohiyo. Ilishindwa kuendelea, breki hazikuishika, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi iliyozidi kuongezeka, hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kwa waliokuwa watu wazima wakati ule, jina la Igandu bado linatosha lenyewe.

Breki za treni zimejengwa juu ya kanuni moja: hitilafu yoyote iifanye treni isimame. Bomba likikatika, breki zinashika zenyewe. Kanuni hiyo ikishindwa, maana yake tatizo lilianza kabla ya mlima, kwenye karakana, kwenye ukaguzi wa kabla ya safari, kwenye vipuri visivyokuwepo, kwenye uamuzi wa kuiruhusu treni iondoke. Idadi ya waliokufa Igandu tunaikumbuka. Mnyororo wa maamuzi ni wachache wanaoweza kuueleza, na hiyo ni tofauti kubwa na Carmont, ambako hata bomba la mtaro lina kurasa zake katika ripoti ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Historia ya taasisi zetu inasaidia kuelewa kwa nini mnyororo hupotea. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa likimiliki njia na kuendesha treni. Baadaye likagawanywa. Njia, madaraja na majengo vikawa vya RAHCO, kampuni ya serikali ya kumiliki mali za reli, na uendeshaji mwaka 2007 ukaenda kwa TRL, kampuni ya kuendesha treni, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa 51 kwa 100. Serikali ilirudisha hisa hizo mwaka 2011, na sheria ya reli ya mwaka 2017 ikaunganisha tena RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mafuriko ya 2010, kwa hiyo, yaliikuta njia ikiwa ya mmoja na treni zikiwa za mwingine. Kuunganisha kumeondoa mpaka mmoja. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyorithi kazi ya SUMATRA mwaka 2019, inamtazama mwendeshaji kutoka nje, na hilo ni sawa. Mpaka ambao hakuna sheria ya reli iliyoweza kuuondoa ni ule wa uzio: hatua moja nje ya eneo la reli, mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, shamba liko chini ya kijiji, barabara ya vumbi inayomwaga maji yake kwenye tuta iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mifugo iko chini ya mwenye mifugo.

Reli mpya, joto jipya

Msomaji atauliza: si tumejenga reli ya kisasa? Ni kweli. Abiria walianza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Katika milima ya Kilosa imepita kwenye mahandaki na madaraja marefu badala ya kubembeleza ukingo wa Mkondoa. Huo ndio ustahimilivu wa kweli, kuondoka kwenye njia ya mto, na umelipiwa kwa fedha nyingi.

Ila tuta jipya nalo linakatiza mabonde, na maji yaliyokuwa yakitawanyika sasa yanakusanywa na kupitishwa kwenye matundu maalumu. Upande wa pili wa kila tundu kuna mtu. Reli ya zamani nayo bado inabeba mizigo na abiria, kwa hiyo sasa tuna matuta mawili ya kuzibulia matundu.

Tena reli mpya inaleta jambo ambalo ya zamani haikulijali sana: joto. Reli ya zamani iliungwa vipande kwa vipande, na nafasi ndogo kwenye maungio zilitoa ule mlio wa ta-ta, ta-ta tuliouzoea usiku. Nafasi hizo ziliruhusu chuma kutanuka. Reli za kisasa huchomelewa kuwa chuma kimoja kirefu. Kilomita moja ya chuma ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ingetaka kurefuka kwa sentimita zipatazo 35. Ikizuiwa, nguvu hiyo inabaki ndani ya chuma, karibu tani 55 kwa kila reli ya uzito wa kilo 60 kwa mita. Kinachoishikilia isijipinde kama nyoka ni mataruma na kokoto zilizoshindiliwa vizuri ubavuni. Mtu akichota kokoto hizo za ubavuni kwa ajili ya kujengea, mvua ikiziosha, au kikosi cha matengenezo kikizilegeza mchana wa jua kali, chuma kinapata pa kutokea. Mwizi wa kokoto, mvua na jua wanaweza kufanya kazi moja bila kujuana.

Jibu liko Mpwapwa

Kenya na Tanzania zote zinatoza tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingizwa, Kenya tangu 2013 na Tanzania tangu 2015. Kwa hiyo kila anayenunua betri ya simu au bati la nje amechangia reli. Ningependa sehemu ya fedha hiyo, hata iwe ndogo, ifungwe kisheria kwa matumizi mawili: kuzibua, na kulipia ardhi iliyo juu ya reli.

Hilo la pili linaonekana geni kwa shirika la reli, lakini mkoa wa Dodoma unalijua vizuri. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye milima ya Kondoa Irangi. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakaacha kupanuka. Ardhi ilithibitisha kwamba ikipewa nafasi hupona. Lakini waliolipa gharama walikuwa wafugaji walioamriwa kuhamisha ng'ombe wao, na chuki iliyobaki ilidumu kuliko mradi.

Kama mchanga wa Mpwapwa unaikata reli inayolisha nchi nne, basi mwanakijiji wa Mpwapwa anayeacha mita 50 za ukingo wa korongo bila kulima anaifanyia reli kazi, sawasawa na anayeendesha kiberenge. Alipwe kwa msimu, kupitia kijiji, kwa mkataba ambao Bodi ya Bonde inaukagua na TRC inaulipia. Kuna vizingiti. Sheria ya maji na sheria ya reli zina mawaziri tofauti, kijiji kinaweza kupokea fedha na kuendelea kulima, na matokeo hayaonekani kabla ya misimu mitano au kumi, muda unaozidi uhai wa bunge moja. Sioni kizingiti hata kimoja ambacho ni kigumu kuliko kulijenga upya tuta la Godegode kila masika kubwa ikipita, kazi ambayo tumeshazoea kuifanya.